Mchagua Udi Ndiye Mpiga Udi

Katika Kiswahili neno udi lina nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ni chetezo, ambamo kipande cha mti wenye harufu huwekwa juu ya kaa la moto, moshi ukapanda, nguo za arusi zikanukia. Nyumba ya pili ni baraza ya taarab, ambamo ala yenye tumbo la mviringo na shingo fupi hupakatwa kifuani na kuchapwa kwa risha. Asili ya maneno haya mawili ni moja. Kwa Kiarabu ud ni mti, kijiti au ubao, na kila kimoja kati ya vitu hivi kimebaki na jina la kile kilichokizaa. Udi wa chetezo ni mti unaotoa siri yake kwa kuungua. Udi wa baraza ni mti unaotoa siri yake kwa kuguswa.

Watu wa pwani wanajua kuuchagua ule wa kwanza. Mnunuzi wa udi wa kufukiza haridhiki na rangi ya kipande wala na maneno ya muuzaji. Huomba kichembe, hukitia moto, hungoja moshi wa mwanzo upite, hunusa, ndipo huuliza bei. Udi wa pili haupati bahati hiyo. Kijana aliyeisikia taarab ya wazee na kutamani kujifunza huingia dukani, au humwagiza ndugu anayesafiri Cairo, Dubai au Maskati, na kinachorudi ni chombo kilichonunuliwa kwa macho: kimenakishiwa kwa ganda la chaza, kimepakwa vanishi inayong'aa kama kioo, na maandishi ya Kiarabu yamezunguka tundu lake. Baada ya miezi mitatu udi huo huwa umetundikwa ukutani, na aliyeununua husema kwamba hana kipaji.

Wako watakaomjibu kwa methali: mchagua jembe si mkulima. Methali hii ni ya haki shambani, kwa sababu jembe butu huchosha mkono lakini halibadilishi mbegu. Muhogo uliopandwa kwa jembe bovu huota muhogo. Udi haufuati sheria hiyo. Udi mbovu hauchoshi mkono tu, bali humfundisha mwanafunzi sauti isiyo sahihi, na sikio likishalishwa sauti hiyo huikubali kuwa ndiyo. Historia ya ala hii, kutoka Baghdad ya Makhalifa hadi Unguja ya Masultani, inaonyesha kwamba mabingwa wake hawakudharau kuchagua. Waliuhesabu uchaguzi wa ala kuwa ni sehemu ya elimu yenyewe.

Hekaya iliyo mashuhuri kuliko zote ni ya Ziryab, ambaye jina lake lilikuwa Ali bin Nafi. Al-Maqqari, mwanahistoria wa Tlemcen aliyefariki mwaka 1632, ameisimulia hivi. Ziryab alikuwa mwanafunzi wa Ishaq al-Mawsili, mwanamuziki mkubwa wa Baghdad. Siku moja aliletwa mbele ya Harun al-Rashid ili aimbe, akapewa udi wa mwalimu wake. Kijana akaukataa kwa adabu. Alieleza kwamba ikiwa Khalifa anataka kusikia namna ya mwalimu, basi udi wa mwalimu unafaa. Lakini akitaka kusikia namna ya Ziryab mwenyewe, hapana budi apige udi aliouunda mwenyewe. Khalifa akashangaa, kwani ala zote mbili zilionekana sawa machoni pake. Ziryab akamwonyesha tofauti: udi wake ulikuwa mwepesi kwa kiasi cha theluthi moja, nyuzi zake baadhi zilikuwa za hariri ambayo haikusokotwa kwa maji ya moto, na nyuzi nene zilikuwa za utumbo wa mwanasimba, ambazo hustahimili zaidi mapigo ya risha.

Wanahistoria wa siku hizi wanaitilia shaka hekaya hiyo katika sehemu zake nyingi. Lisilo na shaka ni kwamba Ziryab alifika Cordoba mwaka 822, akapokewa katika baraza ya Abd al-Rahman wa Pili, na kwamba jina lake limeambatanishwa tangu zamani na kuongezwa kwa uzi wa tano na kutumiwa kwa unyoya wa tai mahali pa kijiti cha kuchapia. Lakini hata kama kisa cha Baghdad kilipambwa na wasimulizi, kinafaa kuzingatiwa kwa sababu ya kile ambacho wasimulizi hao waliona kuwa ni dalili ya ubingwa. Hawakusema kwamba kijana aliyashinda mapungufu ya ala ngeni. Walisema kwamba aliitambua tofauti baina ya vitu viwili ambavyo jicho la mtawala liliviona kimoja, na tofauti ya kwanza aliyoitaja ilikuwa uzito.

Wepesi huo umetajwa pia na wanafalsafa. Al-Kindi, aliyeishi katika karne ya 9, aliandika vipimo vya udi kwa vidole: urefu vidole 36, upana vidole 15, kina vidole saba na nusu. Alitaka ubao wake uwe mwembamba kadiri iwezekanavyo, na wembamba huo uwe sawa kila mahali. Katika karne iliyofuata wanazuoni wa Basra waliojiita Ikhwan al-Safa waliandika waraka mzima juu ya muziki, na ndani yake wakaeleza namna ya kuunda ala hii. Urefu wa udi, walisema, uwe mara moja na nusu ya upana wake. Kina kiwe nusu ya upana. Shingo iwe robo ya urefu. Na uso uwe wa ubao mgumu, mwembamba na mwepesi, unaolia ukigongwa. Nyuzi nne walizihesabu kwa idadi ya nyuzinyuzi za hariri: bam 64, mathlath 48, mathna 36, zir 27. Kila mmoja ni robo tatu ya ule uliotangulia. Kwa wanazuoni hao udi ulikuwa hesabu inayosikika, na mtu aliyekosea kipimo aliharibu ulinganifu waliouona pia katika nyota na katika mwili wa binadamu.

Jina la Ikhwan al-Safa si geni Zanzibar. Mwaka 1905 vijana wa mjini walianzisha chama cha taarab wakakiita Nadi Ikhwan Safaa, na chama hicho kimekuwa miongoni mwa vyama vikongwe vya muziki katika Afrika Mashariki nzima. Kabla yake, kwa mapokeo ya Visiwani, Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alivutiwa na muziki wa Misri na akampeleka Mohamed Ibrahim kujifunza huko. Hivyo udi wa Cairo uliingia kupitia kasri, ukatoka kasrini ukaingia katika vyama, na kutoka vyama ukaingia mitaani.

Haukukuta uwanja mtupu. Majahazi ya Hadhramaut na Yemen yalikuwa yamekwisha kuleta ndugu yake mdogo, ambaye Wayemeni humwita qanbus, Wangazija humwita gabusi, Waunguja humwita gambusi, na watu wa Lamu wamemjua kwa jina la kibangala. Ala hiyo huchongwa kwa gogo moja na uso wake huwambwa ngozi. Fundi wa pwani aliyejua kuchonga mwiko na kuwamba ngoma aliweza kuiunda. Udi haukuwa hivyo. Tumbo lake hujengwa kwa mbavu nyembamba zilizopindwa kwa joto na kuunganishwa kwa gundi, moja baada ya moja, mara nyingi 15 au zaidi, na uso wake ni ubao wa mti wa nchi za baridi wa jamii ya msonobari, wenye unene usiozidi sana milimita mbili. Kwa sababu hiyo gambusi lilikuwa mwenyeji, lakini udi uliendelea kuwa mgeni anayeagizwa kutoka mbali. Mwanafunzi wa pwani tangu hapo amekuwa mnunuzi wa kitu ambacho mara nyingi fundi wake hamjui na hatamwona.

Huko ulikoagizwa, karne ya 19 na ya 20 zilikuwa zama za mafundi wenye majina. Istanbul alikuwako Manol, Mgiriki aliyezaliwa mwaka 1845 na kufariki mwaka 1915, ambaye kazi zake bado zinapimwa na kuigwa na waundaji wa leo. Dameski ilikuwako familia ya Nahat, ambayo kazi zake zimekuwa kipeo cha udi wa Kiarabu: tumbo kubwa, sauti nzito yenye joto. Cairo mafundi na wauzaji walijikusanya katika barabara ya Muhammad Ali, na kutoka mji huo sauti ya udi wa Muhammad al-Qasabgi, aliyefariki mwaka 1966, ilisafiri kwa redio na sahani za santuri hadi katika nyumba za Mombasa na Unguja. Baghdad ilipata taasisi ya muziki mwaka 1936, chini ya Sharif Muhyiddin Haydar, na humo wakatoka Jamil Bashir na mdogo wake Munir. Fundi Mohammed Fadhil alimwundia Munir Bashir udi wa namna mpya, ambao nyuzi zake hazifungwi kwenye daraja lililogundishwa usoni, bali hupita juu ya daraja la kusimama na kufungwa mwishoni mwa tumbo, kama fidla.

Kutokana na historia hiyo mwanafunzi wa leo anakuta sokoni namna kuu tatu za udi, na kosa la kwanza ni kudhani kwamba ni kitu kimoja. Udi wa Kiarabu una urefu wa uzi wa sentimita 61 au 62 hivi, kutoka kizingiti cha juu hadi kwenye daraja. Udi wa Kituruki ni mdogo zaidi, kiasi cha sentimita 58 na nusu, una sauti kali na angavu, na hutiwa sauti ya juu kuliko wa Kiarabu. Udi wa Kiiraki wa daraja la kusimama una sauti kavu na safi, inayompendeza mpigaji wa peke yake. Mtu anayetaka kupiga nyimbo za pwani, ambazo zimelelewa na Misri, huwa karibu zaidi na nyumbani akichukua ule wa kwanza. Mwenye vidole vifupi hana haja ya kuona haya akichagua wa Kituruki. Ila jambo moja ni la hatari, nalo ni kuuvuta udi wa Kiarabu kwa nyuzi zisizo zake mpaka ufikie sauti ya Kituruki. Uso mwembamba hauvumilii mvuto huo kwa miaka mingi: hubonyea mbele ya daraja, huvimba nyuma yake, na shingo huanza kuinama.

Shingo ndiyo mahali pa kuanzia ukaguzi. Mwenye kuchagua huushika udi kama mlenga shabaha, akaangalia kutoka kwenye vigingi kuelekea darajani. Ubao wa vidole ukiwa umepinda kama upinde, uamuzi umekwisha. Kisha huangalia mahali shingo inapokutana na tumbo, na kupima nafasi kati ya nyuzi na ubao. Nafasi ya milimita tatu hivi ni ya kawaida. Ikizidi nne, mwanafunzi atabonyeza kwa nguvu mpaka vidole vimuume, na kila anapobonyeza uzi utavutika na sauti itapanda. Kwenye gitaa yako mataruma ya chuma yanayosaidia kuficha makosa ya kidole. Udi hauna mataruma. Mahali pa sauti hujulikana na sikio na kumbukumbu ya mkono, basi mkono ukizoea kupambana na nyuzi zilizo juu hautakumbuka mahali, utakumbuka vita tu.

Kipimo kingine ni cha utepe wa fundi cherehani. Katika udi wa kawaida wa siku hizi, kutoka kizingiti cha juu hadi mahali shingo inapokutana na tumbo ni theluthi moja ya urefu wote wa uzi. Uzi wa sentimita 61 na nusu huikuta tumbo kwenye sentimita 20 na nusu, na hapo kidole hupata sauti ya tano kutoka ile ya uzi mtupu. Mwanafunzi asiye na mataruma hutumia kiungo hicho kama baharia anavyotumia mnara. Fundi wa haraka aliyekosea kipimo hiki ameuhamisha mnara.

Vigingi navyo vina ushahidi wao. Udi wa kawaida una nyuzi 11, yaani jozi tano na uzi mmoja mzito wa peke yake, na kila uzi una kigingi chake cha mti kilichokazwa kwa msuguano. Vigingi bora hutengenezwa kwa mti mgumu, na mpingo ni miongoni mwa miti inayosifiwa kwa kazi hiyo. Kigingi kizuri huzunguka polepole bila kurukaruka, na kikiachwa hakirudi nyuma. Kigingi kibaya huganda, kisha hufyatuka. Mwanafunzi aliyejipangia nusu saa ya mazoezi hutumia dakika 20 kusawazisha nyuzi, na anapoanza kupiga zimekwisha kulegea. Aliyekaa na udi kama huo kwa mwezi mmoja hajajifunza rasti wala bayati. Amejifunza kukata tamaa.

Uso wa udi hauhitaji vanishi nzito. Ubao huo ni kiwambo cha ngoma, na kila tabaka la ziada ni blanketi juu yake. Mistari ya mti iende wima, imekaribiana, bila mafundo. Kidole kikigonga taratibu karibu na daraja, ubao unapaswa kujibu kwa mvumo, na jibu lake lisiwe kama la mlango. Daraja litazamwe kwa karibu: ikiwa karatasi nyembamba inapenya chini yake, gundi imekwisha kuachia, na nyuzi zitamaliza kazi hiyo. Nakshi za ganda la chaza ni fahari ya mikono ya Dameski na Cairo, na hakuna sababu ya kuzidharau. Lakini katika udi wa bei ndogo nakshi nyingi ni dalili kwamba fedha ya mnunuzi imetumika nje, si ndani. Udi mtupu usio na pambo, uliotoka kwa fundi anayetia jina lake kwenye karatasi ndani ya tumbo, una ulinzi ambao udi wa mapambo usio na jina haunao: yuko mtu wa kuulizwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwa mkaazi wa visiwani liko la ziada, nalo ni hewa. Udi uliojengwa katika ukavu wa Cairo au Dameski ukifika Unguja wakati wa masika hunywa unyevu kama sifongo. Ubao huvimba, uso huinuka, nyuzi nazo huinuka pamoja nao, na gundi ya ngozi, ambayo mafundi wengi huipenda kwa sababu kiungo chake hufunguliwa kwa urahisi wakati wa matengenezo, hulainika ikikutanishwa na joto na unyevu. Udi huohuo ukipelekwa Maskati au Dubai katika chumba cha kiyoyozi, hukauka na kupasuka. Kwa hiyo mwenye kuagiza hana budi kumweleza fundi mahali udi utakapokaa, na kununua sanduku gumu siku ileile anayonunua ala. Kuutundika udi ukutani penye jua la alasiri, au kuuacha ndani ya gari, ni kuuhukumu. Akiufikisha nyumbani katika majira mapya, aulegeze kidogo, auache siku chache uzoee, kisha aulete taratibu kwenye sauti yake.

Nyuzi na risha hazigharimu nyingi, na huweza kuubadilisha udi wa wastani kuwa mwenzi mwema. Zamani nyuzi zilikuwa za utumbo na hariri; leo nyembamba ni za nailoni na nene zimezungushiwa waya. Udi mpya wa dukani mara nyingi umefungwa nyuzi za hovyo, na wengi wamelilaumu tumbo kwa kosa la uzi. Risha nayo iwe ndefu na laini, kwa kuwa kiganja cha mpigaji wa udi huanguka kutoka juu kwa uzito wake wenyewe, hakikwaruzi kama mpiga gitaa. Na jozi za nyuzi zijulikane kwa majina yake ya kale katika utiaji sauti wa Kiarabu: yaka, ushayrani, duka, nawa, kardani. Majina hayo ni majina ya vituo vya sauti, na mwanafunzi akiyajua amekwisha kuingia katika nyumba ya maqam kwa mlango wa mbele.

Swali la nini kinapotea iwapo udi wa kwanza utachaguliwa vibaya lina jibu lake katika historia ya taarab yenyewe. Siti binti Saad aliposafiri Bombay mwaka 1928 kurikodi, Kiswahili chake kilipanda kwenye sahani kikiwa kimebebwa na ala za nyuzi. Zein l'Abdin Ahmed Alamoody, mzaliwa wa Lamu aliyeipamba Mombasa kwa udi wake hadi alipofariki mwaka 2016, alionyesha kwamba mtu mmoja na ala moja wanatosha kulibeba shairi zima. Katika mila hiyo udi hauko pembeni ya maneno. Mpigaji huanza kwa taksimu, akatangaza maqam, akamwekea mwimbaji na msikilizaji zulia. Mstari wa kwanza wa shairi unapoingia, huzuni au furaha yake imekwisha kufunguliwa mlango. Sauti iliyo kati ya nusu mbili, ile robo inayoifanya bayati iwe bayati na rasti iwe rasti, ndiyo inayobeba uzito wa neno.

Mkutano wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo mwaka 1932 ulibishana sana juu ya sauti hizo na juu ya piano, ambayo kwa utaratibu wake wa kawaida haina mahali pa kuziweka. Miongo sita baadaye ubishi huo ulifika pwani bila mkutano wowote. Katika miaka ya 1990 taarab ya kisasa iliingia na vinanda vya umeme, ikajaza kumbi, ikawapa vijana muziki wao wa kuchezea. Haina haja ya kulaumiwa kwa hilo. Lakini kinanda kilichoundwa kwa nusu sauti hakimfundishi mtu robo sauti, na kijana aliyelelewa nacho anapokwenda kuutafuta udi anakwenda kutafuta kitu ambacho sikio lake halijakizoea. Huyo ndiye asiyestahili kupewa udi mbovu, kwa kuwa hana kumbukumbu ya kumsahihishia. Mtoto wa nyumba ya wapigaji angeweza kujua kwamba chombo kinadanganya. Yeye atakiamini.

Kwa bahati njema milango haijafungwa. Mwaka 2002 kilifunguliwa katika Mji Mkongwe Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, na udi ukawa miongoni mwa masomo yake, wavulana kwa wasichana. Cairo, mpigaji wa Kiiraki Naseer Shamma alianzisha Nyumba ya Udi mwishoni mwa miaka ya 1990. Na mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi wa kuunda na kupiga udi, kwa jina la Iran na Syria, katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Heshima hiyo ina uchungu ndani yake, kwa sababu ilikuja baada ya zaidi ya miaka kumi ya vita vilivyowatawanya watu wa Syria, mafundi wa udi wakiwamo. Urithi usioshikika hukaa katika vitu vinavyoshikika: patasi, chungu cha gundi, mkono wa mzee juu ya mkono wa kijana.

Kuna pingamizi la haki. Wapigaji wengi wa zamani walikuwa watu wa kipato kidogo, na walijifunza kwa ala za kuazima, zilizopasuka na kuzibwa. Kumwambia kijana wa leo achague sana ni kama kumwambia asianze. Jibu ni kwamba wale wa zamani walikuwa na kitu ambacho hakinunuliwi: walikaa chamani, mbele ya mwalimu, na udi wa kuazima ulikuwa umekwisha kuchaguliwa na masikio ya waliowatangulia. Ulikuwa mkuukuu, haukuwa mbovu. Basi asiye na fedha nyingi asikimbilie udi mpya wa bei ya chini kabisa. Aazime kwanza, au anunue mkuukuu uliotengenezwa vyema. Na mwenye uwezo wa kununua mpya asiende peke yake. Aende na mpigaji, amwombe aupige yeye, na mwenyewe akae mbele, afumbe macho, asikilize: je, kila uzi unavuma kwa muda ulio sawa, au mmoja unakufa mapema? Je, sauti nene inasikika tumboni mwake, au masikioni tu? Kisha auchukue mikononi aupime uzito, kama Ziryab katika hekaya.

Methali ya jembe basi inabaki shambani, mahali pake. Kwenye udi, kuchagua ndiyo somo la kwanza, kwa sababu mwanafunzi anayejifunza kutofautisha ubao unaojibu na ubao ulionyamaza amekwisha kuanza kusikiliza, na mpigaji ni msikilizaji kwanza. Bibi wa Unguja hanunui udi wa chetezo kabla ya kuunusa moshi wake. Mjukuu wake na asinunue udi wa baraza kabla ya kuusikia.